Msimu wa NHL wa 2020 haukufutwa
Kaka, umeuliza kama korona iliwafanya wale wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, wafute kombe. Hapana. Ligi ilisimama Machi 12, 2020, mechi za kawaida zilizobaki zikaachwa zipotee, halafu Agosti 1 timu 24 badala ya 16 za kawaida zikarudi kumalizia hatua za mwisho. Zilifungiwa kambini Toronto na Edmonton, Kanada: hotelini na uwanjani basi, vipimo kila siku, majukwaa matupu.

Ratiba ilibanana balaa. Agosti 11 timu za Tampa Bay na Columbus walikwenda vipindi vitano vya nyongeza. Kipa wa Columbus, Joonas Korpisalo, aliokoa michomo 85 na bado akalala 3-2 (mimi ningelia). Mechi iliyokuwa ifuate uwanjani hapo ikasogezwa hadi asubuhi yake. Tampa haohao wakabeba kombe Septemba 28 kwa kuichapa Dallas.

Kombe lililokosa bingwa kwa sababu ya ugonjwa ni la 1919. Fainali ya Montreal na Seattle ilivunjwa na mafua makali yaliyoenea duniani wakati ule, na beki wa Montreal, Joe Hall, akafariki siku chache baadaye. Nadhani ndilo ulilosikia.