Baba mdogo kapewa "nyumba ya wazee" Boston: ninachokijua kutoka zamu ya usiku

Mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Baba yenu mdogo ana miaka 66, yuko Massachusetts, Marekani, tangu miaka ya tisini, alipotea kwenye simu karibu miaka miwili, kumbe alikuwa analala shelta, yaani bweni la watu wasio na makazi. Sasa kapiga kusema wamempa chumba kwenye "nyumba ya wazee yenye wahudumu", na ukoo umegawanyika: hawa wanasema kafungiwa na wagonjwa wa akili, wale wanachanga nauli arudi Moshi. Pole umeshapewa, na matusi pia. Mimi nafanya kazi ndani ya nyumba ya aina hiyo, nje kidogo ya Boston, huu mwaka wa sita.

Hiyo si wodi. Ni nyumba ya kupanga. Mpangaji ana mkataba wenye jina lake, ana ufunguo, ana jiko lake dogo la umeme na bafu lake, na mimi mhudumu nikifika mlangoni napiga hodi. Asipotaka kufungua hafungui. Kinachoitofautisha na nyumba nyingine ni ile ofisi ya chini: mtu wa mapokezi usiku na mchana, nesi wa siku kadhaa kwa wiki, na yule tunayemwita kesi meneja, ambaye kwetu ni kama afisa ustawi wa jamii, ila huyu anawajua watu wake hadi saizi za viatu. Huduma zenyewe halazimishwi. Hata pombe, akinywa chumbani kwake bila kusumbua watu, hafukuzwi. Walokole wa jukwaa hili mtaniwia radhi, hata mimi mwanzoni liliniudhi. Zamani utaratibu ulikuwa acha pombe kwanza, tibiwa kwanza, ndipo tukupe nyumba, na wengi walizeekea kwenye hiyo "kwanza". Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis kule New York akaugeuza: nyumba ianze, mengine yafuate mtu akishakuwa na pa kulala. Boston nayo tangu 1991 ina shirika la Hearth, kazi yake ni wazee wasio na makazi tu. Kwa hiyo baba yenu hajaokotwa na matapeli. Hicho ni kitu kinachojulikana.

Kodi analipa asilimia 30 ya kipato chake, iliyobaki inafidiwa na serikali. Mfano, anayepokea SSI peke yake, ile posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ambayo mwaka 2025 kiwango cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi, hapo kodi ilikuwa kama dola 290. Chumba kimoja cha soko la kawaida Boston ni zaidi ya 2,000. Hapo ndipo mtajua kwa nini mzee aliyefanya kazi miaka thelathini anaishia shelta bila kuwa mlevi wala mvivu. Mwenye nyumba kauza, mgongo umekwisha, au mwenzake wa kuchangia kodi kafariki. Profesa Margot Kushel wa California alitoa utafiti mwaka 2023: kati ya watu wazima wasio na makazi wanaoishi bila familia kule, karibu nusu wana miaka 50 au zaidi, na karibu wanne kati ya kumi wa hao hawakuwahi kukosa makazi kabla ya kufika umri huo.

Kuna jambo wabeba boksi wenzangu hawapendi kulisema. Wengi wetu tuliingia kazini kwa makaratasi ya mtu mwingine. Pensheni ya Marekani inataka pointi 40, kama miaka kumi ya kazi, na pointi zinaandikwa kwenye namba ya mfanyakazi iliyokatwa kodi. Ukifanya kazi kwa namba ya fulani, uzee unamjengea fulani. Muulizeni baba mdogo kwa upole, peke yake, si kwenye grupu la ukoo, miaka mingapi alifanya kazi kwa jina lake. Kama ana grini kadi, nyumba hizi za ruzuku ya serikali kuu anastahili, lakini SSI kwa mwenye grini kadi ina masharti yake mengine, mara nyingi ni hizo hizo pointi 40. Kesi meneja wake ndiye wa kukaa naye kwenye hilo.

Sasa hili la kumchukua. Mmoja hapo juu kasema ana rafiki Worcester, mji wa jimbo hilo hilo, mwenye sofa, "akae pale kwa heshima mpaka nauli itimie". Msifanye hivyo. Nyingi ya nyumba hizi zinatolewa kwa mtu ambaye ana ulemavu au maradhi ya kudumu na amekaa shelta au barabarani mwaka mzima, au mara nne ndani ya miaka mitatu zikijumlishwa zifike mwaka. Sofa ya rafiki haihesabiki kama kukosa makazi. Kama bado hajasaini mkataba, akilala kwa huyo rafiki siku saba hesabu inakatika. Nimeona mzee wa Afrika Magharibi alivyopoteza chumba hivyo hivyo. Wanawe walikuja na gari zuri, wakamchukua kwa machozi na picha, baada ya wiki tano mke wa mtoto akachoka, mzee akarudi mlangoni shelta na mfuko wake akaanza moja.

Kurudi Moshi ni haki yake, siipingi. Ila muulizeni yeye. SSI inakatika akikaa nje ya Marekani siku thelathini. Bima ya afya ya jimbo haimfuati. Kama anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, pigeni hesabu ya hospitali kabla ya hesabu ya nauli. Na wapo wasiotaka kurudi kwa sababu ya aibu tu, maana kwetu mtu wa Marekani harudi na begi moja.

Ninachotaka mkijue hasa ni miezi ya mwanzo. Watu wanadhani mtu akipewa ufunguo anafurahi. Mzee wangu mmoja, nilikuwa namwita Babu na yeye akapenda, alilala sakafuni wiki saba pembeni ya kitanda kipya, viatu mguuni. Shelta ukivua viatu vinaondoka. Mwingine alikuwa anatandika koti kwenye korido, nje ya mlango wake mwenyewe, kwa sababu chumbani kulikuwa kimya mno. Kazoea kukohoa kwa watu sitini. Wanaficha mkate kwenye droo. Hawapiki, si kwamba hawajui, ila wamesahau kwamba chakula kina saa unayoichagua wewe. Na miili yao imezeeka mapema: wa miaka 60 anaanguka bafuni, anasahau dawa, utadhani wa 80. Ndiyo maana tunafunga vyuma vya kushikilia ukutani na kupanga vidonge kwenye kisanduku cha siku saba.

Halafu kuna wageni. Huyu ndiye adui mkubwa, kuliko pombe. Mtu kalala nje miaka miwili, ana rafiki waliyegawana blanketi. Leo ana nyumba, atamwambiaje aondoke? Anamwingiza, rafiki anakuja na rafiki, mwisho mzee yuko jikoni na wageni wamelala kitandani. Mkataba unavunjwa kwa njia hiyo. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alituomba sisi wa mapokezi tuwakatalie wageni wake, yeye asionekane mbaya. Tunafanya, ndiyo kazi.

Si kwamba mambo yote ni safi. Kunguni tumewahi kuwa nao. Wahudumu wanaacha kazi kwa sababu mshahara mdogo, mzee anamzoea mtu, miezi minne mtu hayupo, anaanza tena kueleza maisha yake kwa mgeni. Na Krismasi ni ndefu sana ndani ya jengo lile. Simu za ndugu ni chache, wenyeji wengi wana watoto wasioongea nao kabisa. Baba yenu ana ukoo unaogombana juu yake kwenye WhatsApp. Huku huo ni utajiri, ninasema kweli.

Kwa hiyo nauli hiyo mnayochanga, toeni kidogo mumnunulie simu yenye bando na sufuria ya ugali, jiko la pale linatosha. Unga anapata, Lowell na Worcester wamejaa Wakenya na maduka yao. Msimuulize alikuwa wapi miaka miwili, atasema akitaka. Mpigieni Jumapili saa nne asubuhi ya kule, ambayo ni saa kumi na moja jioni ya Tanzania, kipindi cha baridi saa kumi na mbili. Asipopokea msianze kupiga kelele kwenye grupu. Huenda bado analala, na mimi huwa nafurahi nikiona mlango wa mzee mgeni umefungwa mpaka saa hiyo.