Wifi, au Shemeji?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ni hadithi za namna gani unazozipenda hadi ukaanza kuziandika mwenyewe?", nimelisoma nikiwa kwenye matatu nikacheka peke yangu, mpaka abiria wa pembeni akajisogeza. Jibu fupi ni hili: hadithi za upelelezi, za majini na za mapenzi, zile za kusomwa mpaka jalada linabanduka, ila wapendanao wake wawe wanawake wawili au wanaume wawili. Jibu refu ndilo linalofuata, na mtanisamehe likizidi nafasi yenu.

Nimekulia Kisauni, Mombasa. Marehemu baba hakuwa msomaji wa vitabu vya maana, alikuwa msomaji wa vitabu vitamu. Sandukuni mwake mlikuwa na wapelelezi wa riwaya: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, mlikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Bwana Msa, kilichapishwa 1960. Nilipokipata mimi mchwa walikuwa wamekwisha kula kurasa za mwisho. Nikakaa barazani nikamtafuta muuaji mwenyewe. Nilipokuja kupata nakala nzima, miaka mingi baadaye, niliona mwisho wangu ulikuwa mzuri zaidi, na mpaka leo sijabadili msimamo.

Kwa Willy Gamba shida ilikuwa nyingine. Kila mlango aliofungua ulikuwa na mrembo nyuma yake, na mimi, mtoto wa kike wa miaka 13, nilikuwa nawatazama warembo wale kwa macho yaleyale ya Willy Gamba. Sikuwa na wa kumwambia. Nilifunga kitabu, nikaenda kuosha vyombo.

Nilipokua nikaanza kutafuta maandishi yaliyotuhusu watu kama mimi. Ndugu zetu wa Uganda hujiita kuchu, neno ambalo nimelipenda kuliko yale ya magazetini. Nilipata mahubiri. Nilipata habari za polisi, ripoti za mashirika, na riwaya nzito zilizosifiwa sana, ambamo mmoja wa wapendanao lazima afe au apande ndege. Sisemi ni uongo, watu wanakufa na watu wanapanda ndege. Lakini baada ya riwaya ya nne nilikuwa naangalia ukurasa wa mwisho kwanza, kama mtu anayeonja maziwa kabla ya kutia kwenye chai.

Ndipo nikaokota kitabu cha Joseph Hansen kwa muuza mitumba ya vitabu, hapa Nairobi. Kiliandikwa Marekani, kikatoka 1970, jina lake Fadeout. Mpelelezi wake, Dave Brandstetter, ni mchunguzi wa madai ya bima huko California: mtu amekufa, kampuni haitaki kulipa kabla haijajua amekufa vipi, Dave anatumwa. Na Dave ni shoga kama vile mpelelezi mwingine alivyo na upara. Ni sehemu ya mtu, kesi inaendelea. Kitabu kinaanza akiwa na msiba, mpenzi wake amefariki kwa saratani, na anaomboleza jinsi mjane yeyote anavyoomboleza, huku akiuliza maswali kuhusu gari na daraja na maiti isiyoonekana. Hansen aliandika vitabu 12 vya Dave, cha mwisho 1991, na msomaji anamwona bwana yule akizeeka kitabu baada ya kitabu. Nilimaliza kile cha kwanza saa tisa usiku, nikakaa kitandani nikiwa na hasira nisiyoielewa. Asubuhi nikaielewa: kwa nini hiki sikukikuta sandukuni kwa baba?

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia historia ya vitabu hivi kama wengine wanavyofuatilia ligi ya Uingereza, na jambo moja limenikaa. Ugomvi mara nyingi haukuwa juu ya mapenzi yenyewe. Ulikuwa juu ya mwisho. Mwaka 1952 Marijane Meaker, aliyetumia jina la Vin Packer, aliandika Spring Fire, kitabu cha bei poa kuhusu wasichana wawili wa chuo. Mhariri wake alimwambia kabisa: mwisho usiwe wa furaha, la sivyo wakaguzi wa posta watavikamata vitabu njiani. Basi msichana mmoja akapelekwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, mwingine akagundua kwamba hakuwahi kumpenda mwenzake. Kikauza zaidi ya nakala milioni 1. Mwaka huohuo Patricia Highsmith, mwandishi wa hadithi za jinai, alitoa The Price of Salt kwa jina la Claire Morgan, na wale wanawake wawili mwishoni wako hai, wana akili zao timamu, na mmoja anamwendea mwenzake katikati ya mkahawa. Basi. Hiyo ndiyo maajabu yote. Highsmith hakukitia jina lake halisi mpaka 1990.

Msiseme hayo ni ya Wamarekani wa zamani. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku hapa kwetu, na yeye mwenyewe alieleza kwamba alitakiwa kubadili mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Mahakama Kuu ikaiachia kwa siku 7 mwezi wa Septemba. Nilikuwemo kwenye foleni. Mbele yangu walikuwepo wasichana wawili waliokuwa wamevaa kama wanakwenda harusini, hereni mpaka mabegani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini naandika upelelezi na siandiki "fasihi", namjibu hivi. Upelelezi una ahadi: muuaji atajulikana. Hadithi ya mapenzi ina ahadi: watabaki pamoja. Msomaji amelipia mwisho huo, na mwandishi akimnyima, msomaji ana haki ya kumrushia kitabu. Mahali pengine popote tunaombewa, tunahurumiwa au tunajadiliwa. Kwenye hadithi tamu tunadaiwa mwisho mwema, kama wateja.

Sasa niwaambie raha ya kuandika, maana ndiyo niliyotaka kuifikia tangu mwanzo.

Mpelelezi wangu anaitwa Saumu, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko la Kongowea. Hana bastola wala kiko, ana jicho la mshono. Kwenye kesi ya kwanza anatambua kwamba upindo wa kanzu ya maiti umefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi wa nailoni, na hakuna fundi wa kanzu anayejiheshimu atakayetia nailoni pale. Basi kulikuwa na kitu ndani ya upindo. Hapo tumeanza.

Saumu ana mpenzi. Sura tatu za mwanzo sikumtaja jina, nilimwita tu mwenye tuktuk. Mwenye tuktuk alikuja usiku, akavua viatu mlangoni, akauliza kama kuna chai. Akaketi, akamsikiliza Saumu, akasinzia. Alfajiri akamwachia pesa ya mkaa akaenda kutafuta abiria. Wasomaji wangu, ambao ni kundi la WhatsApp la watu 40 na kitu, walikwisha mpenda mwanamume huyu mpole asiyesema sana. Sura ya nne kukawa na joto, mwenye tuktuk akatoka bafuni akiwa amejifunga leso kifuani, Saumu akamwita: "Mbeyu, sogea unipishe feni."

Simu ilinyamaza dakika mbili hivi. Kisha mmoja akaandika: "Ngojeni kwanza." Akarudi sura ya kwanza kutafuta nilipomdanganya. Hakuna. Kila sentensi ilikuwa kweli. Mwanamume alimleta yeye mwenyewe kutoka kichwani mwake. Hivi ndivyo hadithi ya upelelezi inavyotakiwa kufanya kazi, ushahidi wote mezani na msomaji anapita nao kando. Na sikuhitaji hila yoyote. Lugha yetu imenipa bure. "Alikuja, akavua viatu": nani huyo? Kiswahili hakiulizi.

Niliwahi kujaribu kuigeuza sura ile kwa Kiingereza nipeleke kwenye jarida moja la nje. Sentensi ya pili tu nikakwama, lugha imesimama mlangoni inadai kujua: mume au mke? Ursula Le Guin alipata taabu hiyohiyo 1969 alipoandika The Left Hand of Darkness, riwaya ya sayari ambayo watu wake hawana jinsia moja ya kudumu. Akatumia kiwakilishi cha kiume kwa wote, akalaumiwa, akarudi baadaye kuukosoa uamuzi wake mwenyewe. Mama wa watu. Angekuwa Mswahili angeandika a- na kwenda kulala.

Ila msidhani Kiswahili ni malaika. Ukitoka kwenye a- unakutana na kuoa. Mume anaoa, mke anaolewa, na mlango wa tatu haupo. Nilihangaika na sentensi moja wiki nzima mpaka nikakumbuka kwamba tuna kauli ya kutendana. Wameoana. Hakuna aliyeoa, hakuna aliyeolewa, wote wawili wametenda na wametendwa. Nililiandika neno hilo nikasimama nikazunguka chumba.

Halafu nikajikwaa kwenye undugu. Kuna mahali Zuhura, dadake Saumu, ambaye kwa sura sita amekuwa akimpita Mbeyu kama anapita kiti, anamkaribisha kwa mara ya kwanza. Sikutaka hotuba wala machozi. Nilitaka amwite kwa jina la ndugu, neno moja tu, na kila msomaji wa Pwani ajue nini kimetokea. Lakini neno gani? Kundi likalipuka. Mke wa kaka yako, nawe u mwanamke, ni wifi. Mume wa dadako ni shemeji. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye namshuku amejiunga kwa ajili ya kusahihisha sarufi tu, akatoa hukumu: "Ukisema shemeji umemfanya Mbeyu mume. Ukisema wifi umemfanya Saumu kaka." Ubishi ukaenda siku tatu. Watu waliokuwa hawajawahi kutamka mapenzi ya jinsia moja bila kushusha sauti walikuwa wanagombana, kwa ukali, kuhusu namna bora ya kumkaribisha mpenzi wa Saumu kwenye ukoo.

Mwishowe nikaandika hivi. Zuhura anashika birika, anasema, "Wifi, karibu chai," kisha anasita, masikio yamemchoma. "Ama nikuite nani?" Mbeyu anavuta kigoda. "Niite utakavyo, bora chai isipoe."

Mwalimu mstaafu hakuridhika.

Zipo raha nyingine ndogondogo. Mbele ya majirani Saumu na Mbeyu huitana "shoga", kama mwanamke yeyote wa Pwani anavyomwita rafikiye, na hakuna anayegeuza shingo. Na niliandika hadithi moja ya jini mahaba. Mnajua kwetu msichana akichelewa kuolewa husemwa ana jini mahaba, jini aliyempenda anawafukuza wachumba. Mimi nilisemwa hivyo mpaka na shangazi zangu, nikasomewa, nikafukizwa udi mpaka nikakohoa. Basi nikaandika hadithi ambamo shangazi wana haki: jini yupo, anampenda kwelikweli, ni jini wa kike, na ana wivu hata na simu. Sijawahi kucheka nikiandika kama nilivyocheka siku hizo.

Mnaulizia jina langu, nami natumia la bandia. Mchana naandika hesabu za duka la vipuri. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", bado kipo na miaka yake 14 jela, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na ingawa hakimfungi mtu kwa kuandika hadithi ya fundi cherehani, mwenye nyumba wangu hatasoma kifungu kwa makini kiasi hicho. Hilo limetosha.

Juzi nilituma sura ya tisa. Ndani yake Saumu anamkimbiza mshukiwa usiku, anatoka kibandani Kongowea, anaambiwa jamaa ameingia Kisauni, naye anapanda tuktuk ya Mbeyu wanavuka kwa feri. Mwisho wa sura, mvua inaanza, Mbeyu anamshika mkono gizani. Nilikuwa nimejivunia sana mkono ule. Usiku nikapata ujumbe kwa namba nisiyoijua, mwanamume, anajitambulisha kuwa ni dereva wa tuktuk, kapelekewa sura na mkewe. Nikaufungua moyo ukinidunda. "Dada," ameandika, "hadithi nzuri lakini umenikasirisha. Mtu wa Kongowea anayekwenda Kisauni anapanda feri ya wapi? Feri iko Likoni, upande wa pili wa mji kabisa! Huyo Mbeyu ni dereva gani? Atamfanya mwenzake amkose mwizi hivihivi."

Mimi niliyezaliwa Kisauni! Nairobi imenila akili. Nimemshukuru, na sura nimeirekebisha: wanapita barabara ya ndani, mvua nimeiacha, na mkono pia.