Mafuta ya Alberta, gesi ya Mtwara na mikorosho ya baba

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unaniuliza ni kweli Kanada serikali inawalipa watu waliokaa tu. Unauliza tena mbona Alberta, jimbo la Kanada ninakoishi, wana mafuta mengi hivyo na bado wanalia kwamba wanaonewa, mpaka wengine wanataka kujitenga. Na mwisho, kwa sauti ya chini kidogo, umeuliza kama ukiuza mikorosho ya baba kule Nanyamba hela itakutosha kuja. Nimeona nikuandikie, maana mambo haya kwa simu tutakatana maneno.

Nianze na hilo la kulipwa. Mimi mwenyewe nimewahi kulipwa bila kufanya kazi. Unakumbuka nilikuwa mpishi kambini, kule kaskazini kwenye mchanga wa mafuta, yaani mchanga wanaokamulia mafuta, siku 14 kazini na siku 7 nyumbani. Machi 2020 corona ikafunga dunia, mafuta yakakosa mnunuzi, na sisi wa jikoni tukawa wa kwanza kurudishwa makwetu. Serikali kuu ya Ottawa ilinilipa dola 2,000 kila wiki nne. Pesa ile ililipa pango na chakula, na ilinisitiri, sitaikana. Lakini haikukatwa kodi ilipotoka, kwa hiyo mwaka uliofuata nikadaiwa kodi yake. Na ile ilikuwa dharura, ikaisha.

Posho ya kawaida ya mtu asiye na kazi wala akiba ni kitu kingine, nayo haitoki Ottawa. Ni ya jimbo. Ontario, ambako Waswahili wengi wanashukia, mtu mmoja asiye na mtoto anapewa hadi dola 733 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijaongezwa tangu 2018. Chumba tu Toronto kinazidi hapo. Anayekwambia huko watu wanakula raha kwa posho hajawahi kuona mtu akiishi kwa posho. Mimi nimemwona, na nitakueleza.

Kinachotushika mkono kweli ni posho ya watoto. Ilianza kwa sura yake ya sasa Julai 2016, inaingia benki karibu na tarehe 20 ya kila mwezi, na haikatwi kodi. Kwa mwaka ulioanza Julai 2025, mtoto wa chini ya miaka 6 aliweza kuleta hadi dola 7,997, na wa miaka 6 mpaka 17 hadi 6,748. Kipato cha mama na baba kikipanda, posho inashuka. Sharti lake ni kupeleka taarifa ya kodi kila mwaka, nyote wawili. Mwaka mmoja shemeji yako alichelewesha ya kwake na posho ikasimama. Tulikula ugali na maharage mpaka mambo yalipokaa sawa.

Sasa hilo la Alberta, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wewe na mimi tulikuwepo Mtwara.

Unakumbuka Mei 2013. Nilikuwa na mwanangu mgongoni, watu wamekaa kwenye redio wanasikiliza bajeti ya nishati kutoka Dodoma, na ilipothibitika kwamba bomba litajengwa na gesi itakwenda Dar es Salaam, mji ukawaka. Moshi wa matairi, maduka yamefungwa, kisha wanajeshi. Ukutani kulikuwa kumeandikwa "Gesi haitoki." Gesi ilitoka. Nilipofika Edmonton, makao makuu ya Alberta, mwaka 2015 nikakuta watu wa hapa wanazungumza lugha ileile: mali yetu, inatutoka, wanaonufaika wako mbali. Nikasema moyoni, hawa ni ndugu zangu.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ilinichukua miaka kuielewa. Kwetu gesi iliyo chini ya ardhi ni ya taifa, na Mtwara inabaki kuomba. Hapa madini na mafuta ni mali ya jimbo. Alberta ilikabidhiwa utajiri wake wa ardhini mwaka 1930, na katiba ya 1982 ikaikazia haki hiyo. Mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa mwenye mali, wa kila pipa la mafuta ya jimbo unaingia hazina ya Edmonton. Hebu fikiria mrabaha wa gesi yetu ya Mnazi Bay ungekuwa unaingia hazina ya Mtwara.

Basi wanalia nini? Kilio chao kina sehemu mbili, moja ya kweli na moja naipinga.

Ya kweli ni kwamba mafuta bila njia ni mali iliyofungiwa. Alberta haina bahari. Bomba likitaka kufika pwani linavuka jimbo jingine, na kibali cha bomba la namna hiyo kiko Ottawa. Tena wazee wa hapa hawajasahau mwaka 1980, Ottawa ya Pierre Trudeau ilipoleta mpango wa nishati wa kitaifa, ikapanga bei ya mafuta na kuongeza kodi juu yake. Ukikaa na mzee wa Alberta, anakuhadithia waliopoteza nyumba kama sisi tunavyohadithia wanajeshi wa 2013. Jeraha hilo ni la kweli. Lakini pia ni kweli kwamba Ottawa ya mwanawe, Justin, ilinunua bomba la Trans Mountain mwaka 2018 kwa dola bilioni 4.5, na upanuzi wake ukagharimu takriban bilioni 34 mpaka mafuta yakaanza kupita Mei 2024, kutoka hapa Edmonton hadi pwani ya British Columbia. Hilo kazini kwangu halisemwi.

Ninayoipinga ni ile ya "Quebec wanakula jasho letu," Quebec likiwa jimbo la mashariki. Kuna mgawo wa kusawazisha majimbo, ulioanza 1957: jimbo lenye uwezo mdogo wa kukusanya kodi linaongezewa na Ottawa ili shule na hospitali zake zisipitwe mno na za wengine. Quebec inapata fungu kubwa kuliko wote. Alberta haijapata kitu tangu katikati ya miaka ya 1960. Watu wanaamini serikali ya Alberta inaandika hundi na kuipeleka Quebec. Hakuna hundi ya namna hiyo. Pesa inatoka katika kodi za Ottawa, zinazolipwa na kila mtu nchi nzima, hata wa Quebec mwenyewe. Kodi ya Ottawa kwenye karatasi yangu ya mshahara ni ileile anayokatwa mpishi wa Nova Scotia mwenye mshahara kama wangu. Alberta inachangia zaidi kwa sababu mishahara ya hapa ni mikubwa.

Hili sikulisoma mahali kwanza. Nililiona mezani. Usiku mmoja kambini, baridi nje imeshuka chini ya 30 hasi, madirisha ya ukumbi yameota barafu kwa ndani, kijana mmoja wa hapa akawa anapaza sauti kuhusu Quebec na wavivu wa mashariki. Mbele yake alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mzima kutoka Newfoundland, kisiwa cha wavuvi mashariki kabisa. Akaweka uma wake chini, taratibu. Akamwambia kwamba mwaka 1992 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa chewa kwa sababu samaki walikuwa wameisha, na maelfu kwa maelfu wakakosa kazi. Mama yake alikuwa anachuna samaki kiwandani. Pesa ya Ottawa ndiyo iliyowalisha mpaka yeye akakua, akajifunza ufundi, akaja kuchomelea mabomba ya Alberta. "Hilo bomba unalojivunia," akamwambia, "nani amelichomelea?" Kijana hakujibu. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria la supu, nikasahau hata kugawa.

Tangu siku hiyo nikawa nikisikia hoja za mgawo namfikiria mama yule wa kiwandani. Nafikiria na wavuvi wetu wa Msimbati.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko Quebec. Mwaka 1976 kiongozi wa jimbo wakati huo, Peter Lougheed, alianzisha mfuko wa akiba, asilimia 30 ya mapato ya mafuta iwekwe kwa ajili ya watoto. Miaka ya 1980 wakapunguza mchango, na 1987 wakauacha kabisa. Norway ilianza kuweka yake 1996, miaka ishirini baadaye, na leo mfuko wao unahesabiwa kwa matrilioni ya dola. Wa Alberta mwaka 2025 ulikuwa kama bilioni 30. Hilo halikufanywa na Ottawa. Alberta ndiyo jimbo pekee lisilo na kodi yake ya mauzo, dukani nalipa asilimia 5 ya Ottawa tu wakati wa Ontario analipa 13, na pengo wanaliziba kwa mafuta. Bei ikianguka, walimu na wauguzi ndio wanaokatwa.

Ndipo nakuja kwa mtu niliyekuahidi. Jirani yangu wa chini anatumia kiti cha magurudumu. Jimbo linampa posho ya ulemavu, mwaka 2025 juu kabisa ilikuwa dola 1,901 kwa mwezi. Julai 2025 Ottawa ikaanza posho mpya ya walemavu, hadi dola 200 kwa mwezi. Alifurahi, akaniambia atanunua viatu vya theluji. Kisha ikaja barua, akaniita nimsomee kwa sababu macho yake yanamsumbua. Serikali ya jimbo ilikuwa imeamua kuhesabu zile 200 kama kipato chake na kupunguza posho yake kwa kiasi kilekile. Ottawa inaweka kwa mkono huu, Edmonton inatoa kwa ule. Nilisoma barua mara mbili nikitafuta mstari niliouruka. Akasema tu, "Sawa," akaikunja.

Ndio ujue siasa za hapa zilivyo. Kwetu mlango wa kubisha ni mmoja. Hapa kuna milango miwili, na kila ukibisha mmoja unaelekezwa kwenye mwingine. Hospitali ni ya jimbo ingawa Ottawa inachangia na sheria ya 1984 inakataza kumtoza mgonjwa. Mwaka jana nilikaa na binti yangu muda wa saa tisa kwenye chumba cha dharura, homa imempanda, viti vimejaa. Sikulipa hata senti, ila muda wote huo nilikaa. Pembeni yangu baba mmoja anailaani Ottawa, wakati wauguzi na vitanda vinapangwa na jimbo. Wakenya naona wanalijua hili tangu afya ipelekwe kaunti.

Hata kodi ya kaboni, ile ya Ottawa juu ya mafuta na gesi tunayochoma, ilikuwa hivyo. Kuna miezi ya 2024 ambapo kwenye bili yangu ya kupasha nyumba joto mstari wa kaboni ulizidi mstari wa gesi yenyewe. Bili kila mtu aliiona. Lakini familia ya watu wanne Alberta ilirudishiwa dola 1,800 mwaka ule, mara nne kwa mafungu, na wenzangu wengi kazini hawakujua ile pesa ni ya nini. Mark Carney alipochukua uwaziri mkuu Machi 2025 akaiondoa kwa wananchi, na viwanda vikubwa vikabaki vinalipa. Mimi nilisikitika. Nimekula mshahara wa mafuta, sitawatukana wanaoyachimba. Lakini nimeona pia Mei ya 2023, moto wa misitu umewaka, jua la Edmonton jekundu saa sita mchana, na mwanangu wa kiume haruhusiwi kutoka kucheza. Siwezi kuliona moja nikajifanya silioni jingine.

Umeuliza pia chama changu. Nilichukua uraia wa hapa, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, nilirudisha pasi yetu. Siku ile nililia, mama anajua. Kwa hiyo kura yangu siichezei. Uchaguzi wa Aprili 2025 niliwapa Liberali, chama cha Carney, kwa sababu Trump alikuwa anaitaka Kanada iwe jimbo lake la 51. Alberta ina viti 37 vya bunge la Ottawa, chama cha Wahafidhina kilichukua 34. Wengi ninaofanya nao kazi ni wa upande huo na tunakula pamoja. Wanaotaka kujitenga ni wachache, lakini mwaka 2025 jimbo lilipunguza idadi ya saini zinazohitajika kuitisha kura ya maoni, na mataifa ya wenyeji asilia yakasimama kupinga, wakisema mikataba yao waliifunga na Taji la Uingereza kabla Alberta haijazaliwa. Ukikata Alberta, ardhi unayokata ni ya mkataba wao. Nasimama nao hapo.

Sasa mikorosho. Ukija kwa viza ya matembezi hupati kadi ya afya, hupati posho, na kufanya kazi hairuhusiwi. Ukija kwa masomo, ada ya mgeni ni mara kadhaa ya ada ya mwenyeji, na ile mikorosho haifiki hata muhula wa kwanza. Hata pensheni ya uzee ya hapa inadai uwe umeishi nchini miaka isiyopungua 10 ukiwa mtu mzima. Ujuzi wa umeme unao. Cheti chako cha ufundi cha VETA kipige picha kurasa zote, unitumie, niulize jimboni, maana leseni za ufundi nazo ni za jimbo. Majibu yakija tutapanga. Na korosho za msimu huu zianike, usizipeleke kwa kangomba, wale walanguzi wa korosho.