Masuali na Majibu: Kutoka Kidato cha Pili hadi Fasihi ya Kidato cha Tano

SUALI: Nimesomesha Kiingereza Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa miaka sita. Sasa nimepangiwa fasihi ya Kiingereza Kidato cha Tano, wanafunzi 40. Sarufi naiweza, fasihi nianzie wapi? — Mwalimu, Wete

JIBU: Anzia kwenye kitabu, mwalimu, kabla hujagusa andalio la somo. Kisome mara mbili: ya kwanza kama msomaji tu, ya pili na penseli mkononi, ukinukuu tukio na sura yake. Usitegemee namba za kurasa. Darasani kutakuwa na matoleo mawili matatu na fotokopi juu yake, kila moja na kurasa zake.

Kisha gawa kazi. Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958) ina sura 25. Sura tano kwa wiki, wiki tano umemaliza, nao wasome nyumbani. Kuwasomea riwaya nzima darasani ni mtego: kipindi cha dakika 40 huishia kurasa chache na hakuna lililojadiliwa. Sauti ziache kwa tamthilia na mashairi. Ukitaka kujua nani kasoma, fungua kipindi kwa masuali mafupi matano.

Kitakachokusumbua zaidi ni notisi. Vijana hukariri orodha ya dhamira, na suali lolote likija huimwaga yote. Msiwaite wavivu, huko chini tumewazoesha kuwa jibu ni moja na liko ubaoni. Dawa yake ni kifungu kifupi, kitabu kikiwa wazi. Chukua sura ya saba ya riwaya hiyo, Okonkwo, mhusika mkuu, anapomkata kwa panga Ikemefuna, mtoto anayemlea. Mwanafunzi ataandika kwamba Okonkwo alimuua Ikemefuna. Hiyo ni hadithi. Muulize: mzee Ezeudu alikwisha kumwonya asitie mkono katika kifo cha mtoto anayemwita baba, basi kwa nini alikwenda, na kwa nini apige yeye? Hapo atausaka mstari unaosema aliogopa kuonekana dhaifu, atarudi nyuma kwa Unoka, baba yake Okonkwo aliyeonekana dhaifu, na aya itapata dai, ushahidi na maelezo. Waache wabishane wawili wawili kwa Kiswahili dakika tano, halafu waandike kwa Kiingereza.

Kusahihisha nako kuna hesabu yake. Insha 40 kwa dakika nane kila moja ni zaidi ya saa tano. Insha nzima iwe kila wiki mbili. Katikati, aya moja tu.

Mashairi yana kikwazo cha kwetu. Mtoto aliyekuzwa na vina na mizani 16 akikutana na shairi huru la Kiingereza atasema hili si shairi. Usimkatize, ana masikio mazuri huyo. Mpe mstari mmoja, muulize: ungekatwa neno moja mbele, kingepotea nini? Likija lenye urari, mwonyeshe kuwa Kiingereza hutazama na mkazo wa sauti. Kuhesabu silabi peke yake hakutoshi.

SUALI: Mwanafunzi ana hoja nzuri ila Kiingereza kibovu. Nimfanyeje? — Mkoani

JIBU: Hoja ikieleweka, ipe haki yake. Pigia mstari makosa mawili yanayojirudia, mengine yaache. Daftari jekundu kurasa zote hakuna anayelisoma. Sentensi ikivurugika hata hoja isionekane, mrejeshee aya hiyohiyo aiandike upya kesho yake.