Wadogo zangu wa labu ya samoni, rubias haijui kusema "mmekosea"

Kazi yetu ni kusoma DNA ya samoni waliovuliwa na kusema wametoka mito gani, na rubias ndo programu inayowagawa. Hivi nani anawafundisha kuweka blenki, yale matundu tupu yasiyo na DNA, A1 na H12, kona mbili za pleti zinazotazamana? Kila msimu sampuli zikianza kumiminika lazima nikute pleti ya mtu mpya ina blenki mbili zimekaa kona kwa kona, nikiuliza najibiwa "dada, si ndo salama zaidi zikiwa mbili?" Haya, sogeeni niwaambie, na mkiwa na haraka someni namba 2 tu, ndo ndefu kuliko zote na ndo inayonitia aibu.

1. Lebo ni penseli. Ethanoli inafuta wino, mnabaki na chupa za samaki wasio na jina. Na kipande cha pezi kiwe kidogo, msijaze minofu mpaka ethanoli igeuke supu. Tuendelee.

2. Pleti. Enzi hizo nilipewa samoni aina ya Chinook wa mto mmoja mkubwa wa kaskazini, sitautaja. Sampuli za mwanzo wa msimu nikaziweka safu ya 1 mpaka 6, za mwisho wa msimu safu ya 7 mpaka 12, blenki A1 na H12 kama nyie. Wakati wa kuhamisha DNA kwenda pleti ya PCR, ile ya kurudufishia DNA, nikaigeuza, kichwa kikawa miguuni, wala sikuona. Sasa pata picha: pa A1 imekaa H12, pa H12 imekaa A1, zote tupu kama inavyotakiwa, kontroli zimepita, mi nachekelea. Kumbe mwanzo wa msimu umekuwa mwisho na mwisho umekuwa mwanzo. Programu ikanipa asilimia safi kabisa, na grafu nzuri juu yake.

Mnajua kwenye mito mirefu ile samaki wanaokwenda kutaga juu kabisa mara nyingi ndo wanatangulia, safari yao ndefu, ndo maana meneja akitaka kuwalinda anabana nyavu mwanzoni. Ripoti yangu ikasema kinyume. Mzee mmoja wa uvuvi, mtu wa miaka mingi pale mtoni, akaniuliza kwa upole tu: "Hawa wa juu wameanza lini kuchelewa?"

Hapo ndo penye uchungu. Kugeuza pleti anaweza kugeuza yeyote, ila mi yule mzee nilimjibu. Nikamwambia maji yanapata joto, tabianchi inabadilika, mwenendo wa samaki nao unahama, nikaandika aya nzima kuelezea jambo ambalo halijatokea, na ilikuwa aya nzuri aisee, bosi akaisifia. Rasimu ya mpango wa msimu unaofuata ikaanza kuandikwa kwa kuifuata, fungua mapema, bana mwishoni. Ingepita tungewavua walewale tunaodai tunawalinda.

Kilichoniokoa ni sdY, jeni ya udume wa samoni. Alama hiyo ya jinsia ilikuwepo muda wote kwenye paneli, yaani seti ya alama za DNA tunazopima, mi nikawa naipita tu kwa sababu swali letu halikuwa jinsia. Usiku mmoja nikaifungua nikalinganisha na daftari la boti. Samaki kapasuliwa, daftari linasema jike, mayai yameonekana kwa macho, mi nasema dume. Anayefuata, hivyohivyo. Karibu nusu ya pleti hailingani, yaani sawa na kurusha shilingi. Nikaisoma orodha kutoka mwisho kwenda mwanzo, majike wakakaa kwa majike, madume kwa madume. Nilienda chooni nikajifungia. Kesho yake nikampigia yule mzee nikaeleza yote, hakunigombeza, akauliza tu: "Na ile aya ya maji ya moto tuifanyeje?"

Kwa hiyo blenki moja A1, nyingine C5 au popote pasipotazamana nayo. Na sdY inalinganishwa kabla hamjagusa rubias. Wachache hawatalingana, sdY nayo ina wakaidi wake, ila nusu ya pleti sio ukaidi.

3. Besilaini, yaani sampuli za rejea za kila mto. Programu ya mchanganyiko itagawa samaki wote kwa mito uliyoipa mpaka ifike asilimia 100, na mto ambao haukuuweka samaki wake wanagaiwa jirani. rubias inatoa z-skoa, namba ya kuonyesha kila samaki anafanana kiasi gani na mto aliopewa, ili muwaone wageni, nyie mnazipita mnakimbilia grafu. Halafu vifaranga! Kuna kijana alirudi toka fildi anatabasamu, kamaliza besilaini ya mto mzima asubuhi moja, nikamuuliza umevulia wapi, akasema kwenye kidimbwi pale darajani. Mdogo wangu, ulichobeba ni familia moja na majirani zao. Nendeni kwa wakubwa waliokuja kutaga, sehemu tofauti, ikiwezekana na miaka tofauti.

4. SNP, yaani herufi moja ya DNA inayotofautiana kati ya samaki, ambayo karibu kila samaki ni heterozigoti mtupu, ana herufi zote mbili, sio bahati. Mababu wa samoni walirudufu jenomu nzima zamani sana na kuna sehemu bado zina nakala mbili zinazofanana, mashine inazisoma kama moja. Pimeni Hardy-Weinberg, yaani kama idadi ya heterozigoti ni ile inayotarajiwa, SNP ya hivyo itupeni nje, tusonge.

5. Kuchagua alama bora za DNA kwa sampuli fulani halafu kuzipima kwa sampuli zilezile ni kutunga mtihani na kuufanya mwenyewe. Hili lilishaandikwa tangu 2010 na bado naletewa slaidi zenye usahihi wa kutisha. Tengeni sampuli pembeni mapema.

6. Presha. Kwenye samoni aina ya sockeye wa Bristol Bay, Alaska, boti za majaribio za Port Moller zinavua samaki wakiwa bado kama wiki moja hivi kabla ya kufika, sampuli zinapanda ndege kwenda Anchorage, na majibu yanatakiwa samaki wakiwa bado njiani, la sivyo hayana kazi. Kwenye kazi za namna hii ndo mtu anaruka hatua, na hatua anayoiruka ni ileile isiyo kwenye swali. Simu itaita. Pokea, mwambie meneja bado tunahesabu majike na madume. Atashangaa jinsia inahusianaje na mto. Mwache ashangae.