Elektroni ni chembe au wimbi?

SWALI: Mhariri naomba mnisaidie, darasani tuliambiwa elektroni ni chembe, halafu nasoma kwingine eti ni wimbi, sasa nishike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, hapo wengi wamekwama. Mwaka 1989 mwanafizikia Akira Tonomura na wenzake kule Japani walirusha elektroni mojamoja kwenye kifaa chenye njia mbili, kila moja ikigonga skrini inaacha kidoti kimoja tu, hapo unasema basi hii chembe. Ila subiri vidoti vifike maelfu ndo unaona vimejipanga mistari mistari, kwingine vimejaa kwingine karibu patupu, na hiyo ni tabia ya mawimbi, sehemu yanaongezana nguvu sehemu yanafutana. Na zilipita mojamoja jamani, kwa hiyo si kwamba zilikuwa zinasukumana!

Wanafizikia wa leo wanasema cha msingi ni uga wa elektroni (kwa Kiingereza "field", si uwanja wa kuchezea), kitu kisichoonekana kilichoenea kila mahali, na elektroni ni mtikisiko wa huo uga, ila unatikisika kwa vipande kamili, nusu elektroni hupati. Ndo maana zote zinafanana, chaji ileile, masi ileile. Wimbi linakupa uwezekano wa kidoti kutokea wapi, sasa kwa nini kitokee pale na si pengine, hapo hata wao bado wanabishana.