Mlio wa nyuma kwenye motokrosi

SWALI: Pikipiki yangu ya motokrosi inalia nyuma kila nikiikalia. Huiendesha ufukweni Nyali. Nipulizie oili? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Usipulizie, ndugu, haifiki ndani. Maji ya chumvi yameingia kwenye viungo vya chini ya shokomzoba. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, toa boliti ya viungo hivyo, chomoa bushi (kibomba cha chuma kilicho ndani ya beringi) polepole: beringi ni za sindano, yaani vyuma vyembamba vinavyozunguka, na sindano zikiwa hazina kishikilio hudondoka. Zihesabu kabla ya kuziosha kwa mafuta ya taa! Bushi yenye mikwaruzo inayonasa ukucha ibadilishe pamoja na beringi yake. Shindilia grisi ya baharini (isiyosombwa na maji) katikati ya sindano na kwenye midomo ya sili, mipira ya kuzuia maji. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki. Pampu ya kuoshea usiielekeze hapo.